Mwongozo kamili: Kuchagua tableti kubwa ya wino wa kielektroniki kwa kusoma makala za kitaaluma na kuziandikia

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu kanunua tableti ya wino wa kielektroniki, yaani yenye skrini isiyong'aa inayofanana na karatasi, kaijaza makala na tasnifu, na baada ya wiki chache tableti imelala kwenye droo. Herufi ni ndogo mno. Kalamu inaandika vizuri, lakini kilichoandikwa hakitoki kwenda kwenye kompyuta. Kitabu kilichoskaniwa hakikubali kupigiwa mstari. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima kabisa. Tatizo ni kwamba kilinunuliwa kabla mwenyewe hajazipima faili zake.

Hapa tunakwenda kinyume na mazoea. Tunaanza na faili, tunafuata ukubwa wa skrini, kisha kalamu, kisha njia ambayo alama zako zitapita kutoka kwenye tableti hadi kwenye maandishi yako. Jina la kampuni linakuja mwisho kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- PDF tano za majaribio: makala ya jarida yenye safu mbili, sura ya kitabu kilichoskaniwa, tasnifu au ripoti ya kurasa 200 na zaidi, makala yenye grafu au ramani za rangi, na faili nzito kuliko zote ulizo nazo.
- EPUB moja (faili ya kitabu ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na skrini), kama unasoma vitabu vya aina hiyo.
- Rula yenye milimita.
- Kompyuta yenye programu ya PDF inayoweza kuonyesha orodha ya maoni, pamoja na programu yako ya kutunza rejea, mfano Zotero.
- Printa, ikipatikana. Si lazima.
- Masharti ya duka kuhusu kurudisha bidhaa, yakiwa yameandikwa na si ya kuambiwa kwa mdomo.

Ziweke faili hizo kwenye folda moja na usizibadilishe hadi mwisho. Ukipima tableti moja kwa faili hizi na nyingine kwa faili tofauti, hutakuwa umelinganisha kitu.

## Hatua ya 1: Zijue faili zako

Fungua kila PDF kwenye kompyuta, nenda kwenye sifa za hati, na uandike ukubwa wa ukurasa. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 × 297. Makala nyingi za Marekani ni 216 × 279. Vitabu vingi vya kitaaluma ni vidogo zaidi, karibu 152 × 229. Tofauti hii ndiyo itakayoamua ukubwa wa skrini, wala si sifa zinazotajwa kwenye matangazo.

Kisha chagua aya moja kwa kipanya, inakili, na uibandike kwenye programu ya maandishi matupu. Kinachotokea hapo kinakuambia mengi:

Maandishi yakitoka safi, faili ina tabaka zuri la maandishi na utaweza kuangazia sentensi kwa usahihi. Maneno yakiungana, au mistari ya safu mbili ikichanganyika, faili ina tabaka bovu: tableti yoyote utakayonunua itaangazia vipande visivyofuatana. Usipoweza kuchagua neno hata moja, hiyo ni picha ya ukurasa. Itahitaji kazi ya Hatua ya 8.

Wengi hulaumu kalamu kwa kosa la aina hii ya pili. Kalamu haina hatia. Kifaa kinafuata mpangilio wa maneno ulioandikwa ndani ya faili, na kama mpangilio huo umevurugika, alama nayo itavurugika.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi inayoonyesha ni kiasi gani cha usomaji wako ni A4, kiasi gani ni kurasa za kitabu, kiasi gani ni picha zilizoskaniwa, na kiasi gani ni EPUB. Makadirio ya haki yanatosha.

## Hatua ya 2: Chagua ukubwa kwa hesabu, si kwa macho

Skrini kubwa zilizoenea ni za inchi 7.8, 10.3 na 13.3, nyingi zikiwa na uwiano wa 3 kwa 4. Inchi hizo ni za mshazari, kwa hiyo hazikuambii moja kwa moja ukurasa utaonekanaje. Vipimo vinavyokufaa ni hivi:

- Inchi 7.8: takriban mm 119 × 158. Ukurasa wa A4 unashuka hadi asilimia 53.
- Inchi 10.3: takriban mm 157 × 209. A4 inashuka hadi asilimia 70.
- Inchi 13.3: takriban mm 203 × 270. A4 inashuka hadi asilimia 91.

Sasa zidisha. Makala yenye herufi za pointi 10 itasomeka kama pointi 5.3 kwenye inchi 7.8, pointi 7 kwenye 10.3, na pointi 9 kwenye 13.3. Tanbihi za pointi 8 kwenye inchi 10.3 zinakuwa chini ya pointi 6, na hapo ndipo macho yanapoanza kuuma.

Hesabu haiishii hapo, kwa sababu programu nyingi za kusomea zinaweza kukata pambizo tupu. A4 yenye pambizo za mm 25 kila upande inabaki na mm 160 × 247 za maandishi. Pambizo zikikatwa, inchi 10.3 inaonyesha ukurasa kwa asilimia 85, yaani pointi 10 inakuwa 8.5. Inchi 13.3 inapita ukubwa halisi, karibu asilimia 109. Inchi 7.8 inafika 64 tu, na kwa makala za A4 bado haitoshi.

Ukurasa wa kitabu wa mm 152 × 229 ni habari nyingine. Kwenye inchi 10.3 unakaa kwa asilimia 91 bila kukata chochote. Anayesoma vitabu zaidi kuliko makala hana haja ya kubeba kifaa cha inchi 13.3.

Ipo pia njia ya kuilaza tableti. Ukiigeuza ubavu, upana wa inchi 10.3 ni mm 209, karibu sawa kabisa na upana wa A4. Utaona nusu ya juu ya ukurasa kwa ukubwa wake halisi, kisha nusu ya chini. Inafaa sana kwa majedwali na milinganyo. Haifai kwa safu mbili, kwa sababu utashuka hadi chini kumaliza safu ya kushoto na kupanda tena juu kuanza ya kulia, kila ukurasa.

Jaribio la kufanya kabla ya kutoa pesa. Fungua makala ya A4 kwenye kompyuta. Weka rula juu ya skrini na ukuze au upunguze hadi urefu wa ukurasa mzima uwe mm 209. Huo ndio ukubwa wa inchi 10.3. Kaa umbali unaokaa siku zote ukisoma kitabu, na usome kurasa tano kamili pamoja na tanbihi. Rudia kwa mm 270. Mwenye printa achape ukurasa kwa kipimo cha asilimia 70, halafu 91. Karatasi inafanana zaidi na wino wa kielektroniki kuliko skrini inayong'aa.

Onyo. Usijaribu kwa ukurasa wa kwanza wa makala. Ukurasa huo una kichwa kikubwa na ikisiri pana, nao hudanganya. Tumia ukurasa wenye jedwali.

Ubora wa picha nao una nafasi yake, ila ni wa pili. Skrini nyingi za inchi 10.3 zina pikseli 1404 × 1872, yaani 227 kwa inchi. Nyingi za 13.3 zina 1650 × 2200, yaani 207. Zipo za 300. Wingi wa pikseli hunyoosha kingo za herufi ndogo, lakini hauikuzi herufi. Herufi ya pointi 5 iliyo kali bado ni ya pointi 5.

Pima na uzito. Tableti nyingi za inchi 10.3 zina takriban gramu 400. Za 13.3 zinatofautiana sana: Sony DPT-RP1 ya mwaka 2017 ina gramu 349, Boox Tab X inapita gramu 550. Anayesoma mezani hatajali. Anayesoma akiwa amesimama au amejilaza atajali mapema.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa uhakika: "Makala zangu nazisoma kwa asilimia fulani, na tanbihi naziona bila kukunja uso."

## Hatua ya 3: Mwanga na rangi

Taa ya mbele ni tabaka jembamba linalomwaga mwanga juu ya skrini. Linakuwezesha kusoma usiku, lakini linaongeza nafasi kati ya ncha ya kalamu na wino unaoonekana. Watengenezaji kadhaa wameiacha kwa makusudi: reMarkable 2 haina taa, wala Supernote Manta. Kobo Elipsa na matoleo mengi ya Kindle Scribe yanayo. Kama usomaji wako mkubwa ni wa jioni, chukua yenye taa na usiangalie nyuma. Pengo hilo dogo mkono huuzoea baada ya siku chache.

Rangi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu teknolojia mbili zinauzwa kwa maneno yanayofanana. Kaleido 3 ni skrini ya nyeusi na nyeupe iliyofunikwa kichujio cha rangi: maandishi meusi ni pikseli 300 kwa inchi, rangi ni 150, na kichujio kinatia giza usuli kiasi kwamba taa huwashwa hata mchana ndani ya nyumba. Gallery 3, ambayo ndiyo msingi wa skrini ya reMarkable Paper Pro, haina kichujio. Chembe za rangi zenyewe zinasogea ndani ya skrini. Usuli unabaki mweupe zaidi, lakini kubadilisha rangi kunachukua muda na skrini inamweka.

Swali la kujiuliza ni moja: je, kuna grafu kwenye fani yako isiyosomeka bila rangi? Anayefanya kazi na ramani, picha za hadubini au grafu zenye mistari saba ana sababu ya kununua rangi. Anayetaka rangi ili tu aangazie kwa njano na kijani hana sababu hiyo. Tableti kadhaa za nyeusi na nyeupe huhifadhi rangi ya alama ndani ya faili. Wewe unaona kijivu, kompyuta inaonyesha njano.

## Hatua ya 4: Kalamu

Zipo familia mbili. Ya kwanza inatumia teknolojia ya sumaku-umeme iitwayo EMR, iliyosambazwa na kampuni ya Wacom: skrini ndiyo inayoipa kalamu nguvu, kwa hiyo kalamu haina betri. Faida yake kubwa ni kwamba kalamu ya EMR ya kampuni moja kwa kawaida inafanya kazi kwenye tableti ya nyingine, hivyo ukiipoteza hufungwi kwa muuzaji mmoja. Ya pili ni kalamu zenye betri au za kuchajiwa, kama za Kobo Elipsa na reMarkable Paper Pro. Zinaandika vizuri, lakini hazibadilishani na za EMR. Ikizimika katikati ya semina, umebaki na kifaa cha kusomea tu.

Mambo manne ya kukagua:

1. Ukingo wa skrini. Chora mstari mnyoofu taratibu kutoka kushoto hadi kulia, karibu kabisa na ukingo. EMR huwa inapinda pembeni, na pembeni ndiko kwenye pambizo unazotaka kuandikia. Mstari ukiyumba zaidi ya milimita moja, tafuta mpangilio wa kurekebisha kalamu. Usipokuwepo, acha kifaa hicho.
2. Kiganja. Laza mkono mzima juu ya skrini na uandike. Ukurasa ukigeuka wenyewe, ujue itakuwa hivyo kila siku.
3. Kifutio. Kalamu yenye kifutio nyuma, au kitufe ubavuni, inakuokoa kugusa menyu mara mamia kwa siku.
4. Ncha. Skrini yenye ukwaruzo unaofanana na karatasi inapendeza kuandikia, nayo ndiyo inayozila ncha. Ncha iliyochongoka upande mmoja inaweza kuikwaruza skrini. Hakikisha ncha za akiba zinauzwa peke yake.

Onyo. Sumaku huvuruga EMR. Mstari ukipinda sehemu ileile kila mara, vua kava yenye sumaku, ondoa simu iliyolala chini ya tableti, kisha jaribu tena kabla ya kusema skrini ni mbovu.

## Hatua ya 5: Fuatilia alama zako hadi zinapoishia

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowatesa watu miezi sita baadaye wakati wa kuandika tasnifu. Tableti zote zinakuruhusu kuandika juu ya PDF. Zinachofanya na maandishi hayo ndipo zinapoachana, na njia ni tatu.

Baadhi huandika alama ndani ya PDF yenyewe, kama alama halisi zinazotambuliwa na programu yoyote. Nyingine huzitunza kwenye hifadhi yao ya pembeni, na ukitaka kuzitoa, zinakutengenezea nakala mpya ya PDF. Za tatu huziunguza juu ya ukurasa kama picha: unaziona, lakini huwezi kuzichagua, kuzitafuta wala kuzikusanya.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika kumi:

1. Kwenye tableti, angazia sentensi mbili, andika neno moja kwa mkono pambizoni, na uongeze dokezo moja la kuchapa.
2. Toa faili na uifungue kwenye kompyuta.
3. Bofya sentensi iliyoangaziwa. Ikishikika peke yake, ni alama halisi. Usiposhika chochote, ni picha.
4. Fungua orodha ya maoni. Unapaswa kuona sentensi mbili, mwandiko mmoja na dokezo moja, kila kimoja na namba ya ukurasa.
5. Angalia kama maneno ya sentensi yamo ndani ya orodha au umepewa rangi tupu isiyo na maandishi. Kuangazia kwa kuchora kwa mkono huru mara nyingi huleta rangi tupu. Tafuta kwenye tableti mpangilio wa kuangazia unaonata kwenye maandishi.

Anayetumia Zotero aendelee mbele kidogo. Buruta PDF yenye alama ndani ya Zotero, ifungue kwenye kisomaji chake cha ndani, kilichokuja na toleo la 6 mwaka 2022. Alama zilizotoka nje zitaonekana zikiwa zimefungwa kufuli. Kwenye menyu ya faili, chagua kuingiza alama; zitahamia kwenye hifadhi ya Zotero, na kutoka hapo unaweza kutengeneza dokezo lenye nukuu zote na kurasa zake.

Onyo kubwa. Zotero haitunzi alama zake ndani ya PDF. Ziko kwenye hifadhi yake. Ukiangazia makala kwenye Zotero, kisha ukanakili faili kutoka kwenye folda yake kwenda kwenye tableti, alama hazitakuwemo. Lazima kwanza uitoe PDF pamoja na alama kupitia menyu. Ukizoea kuandika pande zote mbili kwa faili ileile, utakuwa na matoleo mawili yasiyokubaliana. Amua mapema: makala ikiwa tableti, huiandikii kwenye kompyuta, na ikisharudi, hairudi tena tableti.

Namba za kurasa nazo ni mtego. Makala iliyochapwa kuanzia ukurasa wa 410 inaweza kuorodheshwa na tableti kuanzia 1. Angalia dokezo lako linataja ipi kabla ya kunakili nukuu 80 na kurasa zisizo zake.

EPUB ni kesi nyingine. Ukibadilisha ukubwa wa herufi, maandishi yanapangwa upya, na mwandiko uliokaa pembeni ya aya unakosa mahali pa kushika. Vifaa vingine huugeuza kuwa kijidokezo, vingine huufunga kwenye neno, vingine haviruhusu kabisa. Kwa kazi itakayonukuliwa kwa ukurasa, tafuta PDF.

Utajua umefaulu ukiweza kutoa alama za makala moja, zikiwa maandishi yanayotafutika na kurasa sahihi, bila kuchapa hata sentensi moja upya.

## Hatua ya 6: Mfumo endeshi

Uamuzi ni kati ya mfumo wa Android ulio wazi, kama wa Boox, na mfumo uliofungwa, kama wa reMarkable, Kindle Scribe au Kobo.

Android inakuwezesha kuweka programu uzipendazo: Zotero yenyewe, kamusi, kisomaji cha vitabu cha KOReader, programu za maktaba ya chuo. Wengi huinunua kwa sababu hiyo, kisha wanagundua jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi. Kalamu huandika haraka ndani ya programu za mtengenezaji, kwa sababu hizo ndizo zilizounganishwa na skrini moja kwa moja. Kwenye programu ya mtu mwingine, wino unaweza kuchelewa nyuma ya ncha hadi mwandiko ukaharibika. Kwa hiyo usikubali jibu la "programu hiyo inafunguka". Uliza, na ujaribu, kama inaandikika.

Android pia inakula betri zaidi. Wino wa kielektroniki hutumia umeme pale tu picha inapobadilika. Kinachomaliza chaji ni Wi-Fi, taa na programu zinazofanya kazi kimyakimya. Na matoleo ya Android kwenye vifaa hivi huzeeka, hivyo kuna siku programu ya benki au ya chuo itakataa kuwekwa.

Mfumo uliofungwa ni mtulivu na hauna arifa za kukuvuruga. Gharama yake ni kwamba njia ya faili kuingia na kutoka ni ile aliyoichagua mtengenezaji. Uliza maswali haya kabla ya kulipa: je, naweza kuingiza faili kwa waya wa USB bila akaunti? Je, PDF iliyoingizwa kwa waya inaandikika, au lazima ipitie mtandaoni? Je, kuna huduma ya kulipia kila mwezi, na nikiacha kulipa ninapoteza nini?

Vitabu vya kuazima kutoka maktaba za kidijitali mara nyingi vina kufuli ya haki za matumizi. Kama unavitegemea, hakikisha kifaa kinatambua kufuli hiyo hiyo. Sony DPT-RP1, kwa mfano, inasoma PDF tu, na faili huingizwa kwa programu ya Sony ya kompyuta. Anayeinunua mkononi athibitishe kwanza kwamba programu hiyo inafanya kazi kwenye kompyuta yake.

## Hatua ya 7: Jaribio la siku ya kwanza

Likifanyika dukani ni vyema. Lisipowezekana, lifanye siku kifaa kinapofika, maboksi yote yakiwa bado mazima, ndani ya muda wa kurudisha.

Ingiza faili zako tano. Fungua ile nzito kuliko zote na ugeuze kurasa 20 mfululizo. Ukurasa mmoja mmoja kuchelewa ni kawaida, hasa wenye ramani zenye mistari mingi. Kila ukurasa kuchelewa maana yake kichakataji au kumbukumbu haitoshi, na hakuna mpangilio utakaoiponya.

Kwenye tasnifu, gusa namba ya tanbihi, soma, kisha rudi ulipokuwa. Kurudi kukihitaji zaidi ya mguso mmoja au miwili, usomaji wa kitaaluma kwenye kifaa hicho utakuwa wa kuchosha. Tafuta neno moja ndani ya kurasa zote 200. Fungua makala mbili kwa pamoja, au makala na daftari, na uone kama nafasi inatosha.

Kwenye makala ya safu mbili, jaribu mpangilio wa kusoma safu kwa safu: juu kushoto, chini kushoto, juu kulia, chini kulia. Uliza kama unaweza kuandika ukiwa ndani ya mpangilio huo. Vifaa kadhaa haviruhusu.

Angalia vivuli vya ukurasa uliopita. Vivuli hafifu vinavyofutika skrini ikijisafisha si ubovu. Vinavyobaki baada ya kusafisha mara mbili, au doa lisilosogea, ni sababu ya kurudisha leo leo.

Mwisho rudia jaribio la Hatua ya 5 lote, hata kama uliambiwa kinafaa. Masasisho ya programu hubadilisha njia hizi.

## Hatua ya 8: Andaa faili ndipo uanze kusoma

Faili zilizoskaniwa zipitishwe kwenye utambuzi wa herufi, yaani OCR. Programu ya bure OCRmyPDF inatosha, na ina data ya Kiswahili pia. Amri yake huandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal):

`ocrmypdf -l eng+swa --deskew --skip-text asili.pdf mpya.pdf`

Sehemu ya `-l` inataja lugha za hati. Data ya lugha hizo ya Tesseract, programu ya kutambua herufi ambayo OCRmyPDF inaitegemea, iwe imewekwa kwanza. `--deskew` inanyoosha kurasa zilizopinda, na `--skip-text` inaacha kurasa ambazo tayari zina maandishi. Kwa faili ya aina ya tabaka bovu, hilo la mwisho halifai: badala yake tumia `--force-ocr` bila `--skip-text`, ukijua kwamba kila ukurasa utageuzwa picha na faili inaweza kunenepa. Uskanaji ulio chini ya nukta 300 kwa inchi hutoa makosa mengi, hasa kwenye tanbihi.

Kitabu kilichoskaniwa kurasa mbili kwa picha moja kikatwe katikati kwanza. Usipofanya hivyo, hesabu yote ya Hatua ya 2 inaharibika, kwani kila ukurasa unapata nusu ya skrini.

Pambizo zikatwe ndani ya programu ya kusomea ya tableti, ukiiacha faili yenyewe ilivyo. Epuka kuikata hadi ukingoni mwa maandishi. Acha mm 8 hadi 10 upande mmoja ili mwandiko wako upate mahali pa kukaa.

Programu ya k2pdfopt inavunja makala ya safu mbili na kuipanga upya iwe safu moja yenye herufi kubwa. Ni nzuri kwa kusoma tu. Haifai kwa kuandikia, kwa sababu inatengeneza hati mpya yenye kurasa zake, na alama utakazoweka hazirudi kwenye makala ya awali wala hazitaji ukurasa sahihi wa kunukuu.

Kila makala ipe jina linaloanza na jina la mwandishi na mwaka. Tableti nyingi hupanga faili kwa majina, na `1-s2.0-main(3).pdf` haitakuambia kitu mbele ya orodha ya makala 400.

## Kinachovunjika na kwa nini

Skrini nyingi za wino wa kielektroniki zina tabaka jembamba la kioo chini ya wino. Likipasuka, juu hakuna ufa unaouona kwa kidole. Unaona mistari iliyoganda au robo ya skrini isiyobadilika. Husababishwa na kupindwa ndani ya begi lililojaa au kuegemewa na kiwiko. Baadhi ya miundo hutumia tabaka la plastiki linalopinda, nayo huvumilia zaidi. Waranti kwa kawaida haigusi skrini iliyopasuka, kwa hiyo kava ngumu inunuliwe siku moja na tableti. Ndani ya begi, tableti ikae upande wa mgongoni, uso wake ukitazama sehemu bapa, na chaja isiwe upande huo.

Nakala ya alama zako itolewe kwenda kwenye kompyuta kila wiki. Skrini ikifa, data mara nyingi bado imo ndani, lakini kwenye mifumo inayodai namba ya siri kabla ya kufungua USB, hutaweza kuiandika bila skrini.